Kabla Injini Haijawa Sufuria

Pikipiki ya zamani ikifa Butembo, mashariki mwa Kongo, hutafutwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni vijana wa kalibu, wanaoyeyusha alumini na kumimina sufuria. Kwao kasha la injini ni mali safi: nyuzijoto 660 hivi, likalainika, likawa chombo cha kusongea bugali ya familia nzima. Wa pili ni sisi, wachache, tunaotaka kasha lilelile libaki kasha. Tunapatana bei kwa kilo, kama wanunuzi wengine wa vyuma chakavu, na kijana wa kalibu hutushangaa. "Papa, hii haiwaki tena," huniambia. Najua haiwaki. Ndiyo sababu nimekuja.

Ninazozitafuta ni Yamaha DT 125, AG 100 na wenzao wa Suzuki na Honda, zilizofika Kivu enzi za Zaire na miaka iliyofuata. Zilikuja kufanya kazi. Zilimbeba paroko, mganga wa mifugo, bwana shamba, muuguzi mwenye sanduku la chanjo, mnunuzi wa kahawa. Mapadri Waasumpsionisti walifika nchi hii mwaka 1929, na parokia zao zimetawanyika kwenye milima ambayo gari huiogopa mvua ikinyesha. AG 100 ilibuniwa kwa ajili ya mashamba: cheni yake inakaa ndani ya kasha lililofungwa pande zote isile udongo, na ina keria mbele na nyuma. Ukiikuta leo, kasha la cheni mara nyingi limeshatupwa. Barabara sasa ni za TVS na Boxer kutoka Uhindi na za Kichina, injini za mapigo manne zinazokunywa petroli kidogo na kubeba mzigo bila kulalamika. Zinalisha mji, na ninaziheshimu kwa hilo.

Fundi wa kila siku pia ninamheshimu, na bila yeye mimi nisingejua kitu. Anakaa chini ya shitingi kando ya barabara, taximan amesimama pembeni akihesabu saa zinazompotea kabla ya kumpelekea mwenye pikipiki fedha yake ya jioni. Klachi imeungua? Ataikata upya kutoka kwenye klachi ya pikipiki nyingine. Mguu wa kusimamia umevunjika? Utachomelewa kwa chuma cha ujenzi. Hawa ni ndugu wa walewale waliochonga chukudu, baiskeli za kusukuma za mbao, wakaziwekea beringi na mpira wa gurudumu, zikabeba makaa na viazi mteremkoni. Ustadi huu una swali moja: chombo kitatembeaje leo?

Anayefufua pikipiki ya zamani analiweka swali hilo kando kwa muda. Anajiuliza kitu hiki kilivyotoka kiwandani kilikuwaje, na aliyekiunda alikuwa anaogopa nini alipokiunda hivyo. Nitatoa mfano mmoja, kwa sababu ndio ulionifunga na kazi hii moja kwa moja.

Injini ya mapigo mawili, kama ya DT, haina bwawa la oili chini yake. Petroli na hewa hupitia kwanza ndani ya kasha la mhimili, kisha ndiyo zipande kwenye silinda, kwa hiyo oili ya kulainisha lazima isafiri pamoja nazo. Yamaha walitengeneza pampu ndogo yenye tangi lake la oili, inayopima oili kwa kufuata mzunguko wa injini na jinsi ulivyofungua mkono wa gesi. Karibu kila DT ninayoikuta haina pampu hiyo. Imeng'olewa, tundu limezibwa kwa bati na gundi, na mwenyewe anachanganya oili na petroli kwenye chupa, kwa makadhafi, wauza petroli wa barabarani. Mafundi wana hoja zao na si za kijinga: waya wa pampu hukwama, hewa huingia kwenye bomba lake, mtu husahau tangi la pili mpaka likauke, na likikauka injini imekwisha. Mwanzoni nami niliirudisha pampu kwa sababu ya utii tu, kwa kuwa ilikuwepo. Sababu yake nilikuja kuiona barabarani.

Kabla ya barabara kuna silinda, na hapa naomba msomaji avumilie, maana uzuri wa injini hizi umejificha humu. Silinda haina valvu kichwani. Ukutani mwake kuna madirisha, na pistoni ikipanda na kushuka ndiyo inayoyafungua na kuyafunga. Sasa fikiria ringi ya pistoni. Ni duara lililokatwa mahali pamoja, nalo hutaka kujitanua. Kama lingeachwa lizunguke lipendavyo, siku moja ncha yake ingechungulia dirishani, ikanaswa, ikavunjika, na vipande vikaikwangua silinda yote. Kwa hiyo ndani ya kila mfereji wa ringi kuna kipini kidogo kama punje ya ulezi, na ncha mbili za ringi zimechongwa kukikumbatia, upande ule ambao hauna dirisha. Ukishika pistoni mwangani na kukitafuta kipini hicho kwa ukucha, unamgusa mtu aliyekaa Japani akawaza juu ya ajali ambayo haijatokea. Juu ya pistoni kuna mshale. Lazima uelekee bomba la moshi. Pembeni yake pengine kuna namba: 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00. Ni sehemu za milimita zinazoonyesha silinda imeshachongwa kiasi gani. Yenye 1.00 imefika mwisho wa safari yake, na inahitaji silivu, bomba jipya la chuma ndani.

Pistoni mpya haipatikani siku zote. Huko New Zealand, Burt Munro aliyekuwa na Indian Scout ya mwaka 1920 alizimimina pistoni zake mwenyewe kwenye makopo, na mwaka 1967, akiwa mzee, aliiendesha pikipiki hiyohiyo kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, akaweka rekodi ya pikipiki za chini ya sentimita za ujazo 1,000. Huwa namfikiria ninapowatazama vijana wa kalibu wakitengeneza umbo kwenye mchanga. Mkono wanao. Kinachokosekana ni uhakika wa madini yenyewe: alumini ya pistoni huchanganywa na silikoni ili isivimbe sana ikipata joto, na ya sufuria ni mchanganyiko wa lolote lililopatikana. Pistoni sijawaomba. Kifuniko cha magineto nimewaomba, nikawapa kile kilichovunjika wakibandike mchangani, na kilichotoka kinakaa mahali pake hadi leo. Kijana aliyekimimina ndiye aliyekipiga tupa mwenyewe mpaka kikang'aa, hakuniruhusu nimsaidie.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni kutafuta wakati wa cheche. Injini hizi za zamani nyingi zina platina, vidomo viwili vya chuma vinavyoachana ili cheche ipatikane, na vinatakiwa kuachana pistoni ikiwa bado ina karibu milimita 2 kabla ya kufika juu kabisa. Kipimo cha kiwandani kwa kazi hii ni ghali. Wazee wa hapa hutumia spoki ya baiskeli. Unaitoa bujii (plagi ya cheche), unaishusha spoki kwenye tundu lake hadi iguse kichwa cha pistoni, unaizungusha magineto polepole mpaka spoki iache kupanda, unaweka alama ya kwanza. Unaweka ya pili milimita zako mbili juu ya hiyo. Kisha unachana kipande cha karatasi nyembamba ya pakiti ya sigara, unakibana katikati ya platina, unairudisha magineto nyuma, halafu unaisogeza tena mbele huku mkono wa pili ukiivuta karatasi kwa wepesi sana. Inakataa, inakataa, halafu inateleza. Hapo spoki inatakiwa iwe kwenye alama ya pili. Isipokuwa hapo, unalegeza sahani, unaanza upya. Hakuna haraka inayoweza kuingia katika kazi hiyo, na mtu mwenye hasira haimalizi.

Sasa barabara. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54, kwa Maboya na Kabasha. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Beni iko kama mita 1,100. Barabara hupanda na kushuka, lakini hesabu ya mwisho ni kushuka, na hewa inazidi kuwa nzito kadiri unavyokwenda. Kabureta iliyopimwa Butembo, ambako hewa ni nyepesi, hupewa jikleri ndogo, kile kitundu kinachopitisha petroli. Ukifika chini hewa imeongezeka, petroli ni ileile, na injini inaungua kwa joto. Bujii itakuambia: ya Butembo ina rangi ya kahawia, ya Beni imeanza kuwa nyeupe. Na kuna jambo kubwa zaidi. Mteremkoni, dereva hufunga gesi akaiacha pikipiki ishuke kwa uzito wake, gia ikiwa ndani. Injini inazunguka kwa kasi, lakini kabureta imefungwa. Petroli inayoingia ni kidogo mno, na kama oili imo ndani ya petroli, nayo ni kidogo mno. Pistoni inakimbia karibu kavu. Hivyo ndivyo DT nyingi zilivyokwama. Pampu ile ndogo iliyotupwa inaendeshwa na injini yenyewe: maadamu injini inazunguka, oili inapita, hata gesi ikiwa imefungwa. Aliyeiunda alikuwa anauogopa mlima.

Nilipolielewa hilo nilianza kuitazama barabara hii tofauti. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997, anakumbukwa hapa kwa kuwahimiza waamini na wafanyabiashara kutengeneza njia wenyewe bila kungoja serikali. Njia na chombo vilitunzwa na watu walewale.

Kuna pikipiki ambazo sizigusi. Tangu mwaka 2014 mauaji yameliandama eneo la Beni, na katika njia za huko zimebaki pikipiki zilizochomwa. Kiufundi moto huondoa ukakamavu wa springi, hulegeza chuma cha beringi, hupinda kasha lisifunge tena. Lakini hata kama ingewezekana nisingezichukua. Zina wenyewe.

Watu huniuliza inafaa nini kutumia miezi kwa chombo kimoja mahali ambapo mtu hapangi zaidi ya jioni. Ninaamini ndipo inapofaa zaidi. Kazi inayohitaji miezi inamlazimu mtu kuiamini miezi hiyo, na vijana wanaokuja kunitazama nikikwangua kutu ndani ya tangi kwa cheni kuukuu na maji ya ndimu hurudi kuuliza imefika wapi. Wanaanza kuingoja.

Kwa anayetaka kuanza, jambo moja la manufaa. Vipuri vyetu vingi hupitia Mombasa na Kampala, vikavuka mpaka wa Kasindi na mfanyabiashara ambaye hajawahi kuiona AG 100. Usimwandikie jina la pikipiki. Mwandikie vipimo. Futa grisi ubavuni mwa beringi, usome namba: 6203 ni milimita 17 ndani, 40 nje, 12 unene, na ni hivyo Osaka, Kampala na hapa kwetu. Sili nayo imeandikwa namba tatu juu ya mpira wake. Pima mara mbili, andika kwa kalamu isiyofutika kwa jasho, na mpe karatasi hiyo siku moja kabla ya safari, asubuhi, kabla hajaanza kufunga mizigo.