Nani Amwamkie Nani

Ukipewa riwaya ya vijana ya kusafiri katika wakati, usihangaike na chombo cha safari. Saa, jiwe, mlango wa kabati, kila mwandishi ana wake na karibu vyote vinafaa. Uliza lile tunalojiuliza kila asubuhi bila kufikiri: hapa nani amwamkie nani?

Msichana wa miaka 16 anamkuta mama yake akiwa na miaka 14. Shikamoo ni ya nani? Kuna kijana aliniletea muswada wenye kisa hicho hicho. Mbio zipo, majambazi wapo, mto umefurika. Nikamuuliza, huyu binti anamwitaje mama yake? Akafungua, akapekua, akarudi nyuma, akapekua tena. Kurasa 40 wanakimbia pamoja na hakuna aliyemwita mwenzake chochote. Hapo hujasoma uhusiano, umesoma watu wawili waliopanda daladala moja.

Kipimo changu ni kitabu cha zamani, Tom's Midnight Garden cha Mwingereza Philippa Pearce, cha mwaka 1958. Tom amepelekwa kwa mjomba na shangazi kwa sababu ndugu yake Peter ana surua. Usiku saa kubwa ya ukumbini inapiga mara 13, Tom anafungua mlango wa nyuma, na pale palipokuwa na uchochoro wa mapipa ya taka pana bustani. Humo anamkuta Hatty, yatima anayelelewa na shangazi asiyempenda. Wanacheza. Tom anarudi kila usiku, ila upande wa Hatty wakati haupangi foleni: usiku mmoja anamkuta mdogo mno, kavaa nguo nyeusi za msiba, analia, safari nyingine amerefuka.

Sasa tazama ufundi wenyewe. Tom haoni kwamba Hatty anakua. Sisi tunaona, yeye haoni, kama ambavyo mtu aishiye na mtoto hamwoni akirefuka. Anayeona ni Peter, akiwatokea siku moja tu: huyu ni mwanamke mzima! Na Hatty naye, akianza kumtazama kijana mwingine, anamwona Tom akififia mbele ya macho yake. Hawajagombana, hakuna aliyekosa. Umri tu umepita katikati yao.

Viatu vya kutelezea kwenye barafu navyo vitazame kwa karibu. Tom anamwomba Hatty avifiche chini ya sakafu ya chumba, kisha anavikuta mahali pale pale katika zama zake. Wanateleza pamoja mtoni, kila mmoja na jozi yake, na jozi ni ile ile moja. Mwandishi hakuhitaji kutangaza kwamba hawa ni marafiki.

Mwishoni (aliyepania kukisoma aruke aya hii) Hatty ni bibi kizee mwenye nyumba, anayekaa ghorofa ya juu. Tom anamuaga kwa adabu, anashuka ngazi, halafu anapanda tena mbio na kumkumbatia kama mtoto mwenzake. Shangazi yake Tom anayeshuhudia haelewi kitu. Msomaji wetu ataelewa upesi kuliko wa kwao, maana kwetu bibi humwita mjukuu wake mume wangu na hakuna anayeshtuka.

Heshima inaweza pia kugeuka sumu. Kindred ya Octavia Butler, ya 1979, haikulengwa kwa vijana, ila vijana wengi wa Marekani huisoma shuleni. Dana, mwanamke Mweusi wa mwaka 1976, anavutwa hadi Maryland ya enzi za utumwa kila Rufus anapokaribia kufa. Mara ya kwanza Rufus ni mtoto anayezama mtoni. Nyumbani kwa Dana haupiti hata mwezi. Rufus amekuwa mtu mzima na bwana wa watumwa. Tena ni mmoja wa mababu wa Dana: akimwacha afe mapema, naye hazaliwi. Mtoto uliyemwokoa ndiye unayemwogopa.

Mapenzi nayapima haraka, kwa sababu mengi ni yale yale. Katika Rubinrot ya Mjerumani Kerstin Gier, ya 2009, wengi humkodolea macho kijana wa mapenzi, Gideon. Mimi namtazama Charlotte, binamu aliyefundishwa tangu utotoni dansi, lugha na upanga kwa ajili ya safari ambayo, kumbe, ni ya binamu yake Gwendolyn, mhusika mkuu. Mhusika anayebaki nyumbani na mafunzo yake yote ndiye hunionyesha mwandishi ana jicho au hana. Wengi humfanya mwenye wivu wakamalizana naye.

Ukisoma, shika penseli. Chora mistari miwili, mmoja kwa kila mhusika, uandike walipokutana na kila mmoja alijua nini siku hiyo. Mistari ikilingana kutoka mwanzo hadi mwisho, safari ilikuwa pambo.

Yule kijana alirudi baada ya miezi miwili. Majambazi wamepungua. Binti sasa anamkuta mama yake kisimani, kainama juu ya ndoo. Mdomo unamponyoka: “Shika…” Mama anageuka, anamtazama juu hadi chini, anaangua kicheko.

“We dada, unaniamkia mimi?”