Msomaji Husadiki Nini?

Wako wazee vijijini mwetu wasemao ya kuwa hadithi za kubuni ni uongo uliopigwa chapa, na Mkristo hana haja nazo. Wako na vijana waonao ya kuwa, kwa kuwa hadithi ni ya kubuni, wana ruhusa ya kuandika neno lo lote. Wazee twawakumbusha Yothamu, katika Waamuzi sura ya 9, aliyesimulia habari za miti iliyokwenda kujitafutia mfalme. Wala hakuna aliyemwuliza miti ilitembeaje. Vijana twataka kusema nao zaidi.

Kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho Adili na Nduguze kilitoka mwaka 1952. Adili ni liwali mwema, naye ana manyani wawili ambao huwapiga mijeledi kila usiku, na kisha huwalisha. Baadaye twajua ya kuwa manyani hao ni ndugu zake waliomtosa baharini kwa husuda, na ya kuwa jini Huria ndiye aliyewageuza. Aliwageuzaje? Hatuambiwi, wala hatuna haja ya kuambiwa. Lakini jini ametoa amri ya kuwa wapigwe kila usiku, na Adili huitimiza ingawa moyo wake waumia. Kama amri ile ingeachwa usiku mmoja, lisitokee neno, hadithi nzima ingalivunjika. Jini twamkubali; amri iliyosahauliwa na mwandishi wake hatuikubali.

Ndivyo ilivyo na Kusadikika, cha mwaka 1951. Nchi ile yaelea angani, nasi twaambiwa hivyo mapema na kuendelea na safari. Baada ya hapo watu wake hushtakiana na kuhukumiana kama watu wa nchi kavu, na hilo ndilo tulilolifuata.

Sasa tutazame kosa lenyewe. Mwaka 1885 Mwingereza H. Rider Haggard alitoa King Solomon's Mines, ambacho Frederick Johnson alikifasiri kwa Kiswahili, kikaitwa Mashimo ya Mfalme Sulemani. Ndani yake mna Gagool, ajuza aliyeishi vizazi vingi, na chumba kilichojaa almasi. Wasomaji walivimeza vyote viwili. Lakini katika chapa za kwanza wasafiri wale walijiokoa kwa kupatwa kwa jua, na usiku wa kuamkia siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu! Mchungaji ye yote wa Ugogo, ambaye huutazama mwezi kila siku akirudisha ng'ombe, angalikifunga kitabu hapo. Jua hupatwa mwezi unapoandama tu, maana ndipo mwezi unapopita kati yetu na jua. Mwezi mpevu husimama upande wa pili. Tena giza lile lilikawia mno, hali giza kamili la jua halifiki hata dakika 8. Haggard alilazimika kubadili, akaandika kupatwa kwa mwezi katika chapa za baadaye. Ajuza wake hakumgusa.

Twaona ya kuwa alitengeneza nusu tu. Hata sasa giza lile laja saa ile ile ambayo wasafiri wanalihitaji, nalo lawatoa katika shida ambayo akili yao haikuweza kuwatoa. Kitabu ni kizuri, nasi twakipenda. Lakini hapo mkono wa mwandishi waonekana.

Kwetu Dodoma mkono huo huonekana upesi. Tuseme kijana wa Mvumi au Kongwa aandika juu ya mkulima mwenye deni, na katika Agosti mvua kubwa yanyesha na kumwokoa. Atasema, Hadithi ni ya kubuni. Lakini msomaji wake ajua ya kuwa mvua zetu ni za Desemba hata Aprili, na Agosti ni vumbi na upepo. Kama sura ya kwanza ingalitaja nchi ambayo mvua humtii mganga fulani, tungalikubali, mradi mganga yule asiweze tena yale aliyoshindwa jana. Asipotaja, mvua ile ni ya mwandishi, si ya mkulima.

Tena kuna jambo tuliloliona mara nyingi tukiwasomea watu kwa sauti. Mvua hiyo ya Agosti ikinyesha juu ya mtama uliokwisha kuvunwa na kuanikwa, ikamwozea mkulima wote, wasikilizaji huguna kwa huruma, wala hawaulizi mwezi gani.