Waratibu wa Watoto wa Watu

Mpango wa YES, ulioanzishwa na serikali ya Marekani mwaka 2002, huwapeleka wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi, Kenya na Tanzania zikiwemo, wakaishi na familia za Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Vijana wakirudi tunawapongeza, na wanastahili. Mimi namshukuru mratibu wa mtaa, yule anayewaangalia mwanafunzi na familia mwenyeji huko.

Kanuni inamtaka aishi si zaidi ya kilomita 190 hivi kutoka nyumba ya mwenyeji. Kabla mtoto hajawasili, nyumba iwe imekaguliwa, na watu wazima wote wanaoishi humo wawe wamechunguzwa rekodi za uhalifu. Baada ya hapo kila mwezi azungumze na mwanafunzi, azungumze na familia. Familia yenyewe hailipwi. Inamlisha mtoto wa watu kwa moyo tu.

Ugumu uko kwenye mambo madogo. Msichana wa Unguja anajifungia chumbani: kwake ni adabu, asiwasumbue wenyeji, wao wanaona amewakataa. Ramadhani inaingia mji usio na msikiti, na lazima mtu amweleze kocha kwa nini hanywi maji, amwombe mama mwenyeji amwachie chakula cha daku. Mratibu huketi kati yao, akisikiliza pande zote mbili bila kumwaibisha yeyote. Mambo yakishindikana kabisa, yeye ndiye anayetafuta nyumba nyingine, anabeba masanduku kwa gari lake kwenye theluji, na asubuhi anapiga simu shuleni kubadilisha kituo cha basi.