Dirisha na Spektra: Uhakiki wa Ukokotoaji wa Masafa katika Uchanganuzi wa Sauti za Kiswahili

Spektra ya sauti mara nyingi huwasilishwa katika tafiti za fonetiki kana kwamba ni picha iliyopigwa kinywani mwa msemaji. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Spektra ni zao la ukokotoaji, na kila ukokotoaji hutanguliwa na uamuzi.

Tangu James W. Cooley na John W. Tukey wachapishe mwaka 1965 kanuni ya haraka ya kukokotoa mgeuzo wa Fourier, kazi hiyo imekuwa nyepesi mno. Wepesi umezaa uzembe: programu huteua urefu wa dirisha kwa niaba ya mtafiti, naye huripoti matokeo bila kuutaja. Ichukuliwe rekodi yenye sampuli 16,000 kwa sekunde. Dirisha la milisekunde 25 lina sampuli 400, na nukta za spektra yake hupishana kwa hezi 40. Dirisha la milisekunde 5 lina sampuli 80, na nukta hupishana kwa hezi 200. La kwanza hutenganisha harmoniki za irabu lakini hufifisha mlipuko wa kipasuo. La pili hufanya kinyume chake. Kwa hiyo, anayelinganisha kaa la moto na kaa wa baharini, maneno ambayo lahaja za pwani huyatofautisha kwa mpumuo, hawezi kulitegemea dirisha refu peke yake. Kujaza sifuri hadi sampuli 1,024 nako si tiba: huongeza nukta kwenye mchoro, lakini hakuongezi taarifa.

Kasoro ya pili hutangulia ukokotoaji wenyewe. Rekodi ya simu yenye sampuli 8,000 kwa sekunde haiwezi kubeba masafa yanayozidi hezi 4,000, ilhali sehemu kubwa ya nguvu ya kikwamizo s huwa juu ya kiwango hicho. Tofauti ya saba na shaba hufifia hapo, na hakuna mbinu ya baadaye iwezayo kurejesha kilichopotea.

Hoja hii inawahusu pia watunga sera, kwa kuwa hifadhidata zinazogharimiwa leo ndizo zitakazofunza mifumo ya utambuzi wa usemi. Inapendekezwa kwamba kila ripoti itaje kiwango cha sampuli pamoja na aina na urefu wa dirisha, na rekodi asilia zihifadhiwe bila kubanwa. Bila hayo, vipimo vya watafiti wa nchi mbili jirani havilinganishiki, na kinachoitwa tofauti ya lahaja huenda kikawa tofauti ya madirisha.