Ulimi na Tundu: Juu ya Uzuri wa Kazi ya Mti katika Mlali

Yako maneno mawili ambayo watu huyachanganya, nayo yafaa kutengwa: kuchonga na kuunga. Achongaye huanza na gogo moja, akaondoa yasiyotakiwa hata chombo kikatokea. Ndivyo wapatikanavyo kinu, mchi, mwiko, kigoda na mpini. Aungaye huanza na vipande vingi, akavifanya kitu kimoja. Ndivyo ipatikanavyo milango, vitanda na meza. Huyu wa pili ndiye seremala hasa; wa kwanza ni mchongaji. Katika Mlali, chini ya milima ya Uluguru, penye njia ipandayo Mgeta, kazi zote mbili zahitajiwa, maana mkulima hana budi kuwa na mpini na kinu, na akiisha kujenga hutaka mlango na kitanda. Twapenda kuzipima kazi hizi, kwa kuwa sifa wapewayo mafundi wa kale mara nyingi haiwekwi mahali pake.

Husemwa kwamba kazi ya kale ni nzuri kwa sababu yafanywa kwa mkono. Hoja hii ni dhaifu. Mkono waweza kuharibu sawasawa na mashine, na tezo ikishikwa na asiyejua hupasua gogo jema. Wala ukale peke yake si sifa, maana hata makosa yana wazee wake. Uzuri watoka kwingine. Fundi wa kale alijua ya kuwa mti, ijapokuwa umekatwa, haujaacha mwendo wake. Ukikauka hunywea, walakini haunywei sawasawa pande zote. Kwa urefu wake karibu hauonekani kupungua. Bali kwa kufuata zile duara za ukuaji hunywea kadiri ya mara mbili kuliko unavyonywea toka kiini kwenda ganda. Ndiyo sababu gogo zima huchanika likikauka. Tena masika ikirudi, ubao hunywa unyevu wa hewa ukavimba. Karibu kila njia njema ya mafundi wa kale ni jawabu la jambo hili moja.

Tutazame kinu. Mchongaji hulichonga gogo lingali bichi, maana mti mbichi ni laini mbele ya tezo. Akichimba tundu la kinu huondoa kiini cha sehemu ya juu, ambacho ndicho chanzo cha nyufa nyingi, akaziacha kuta zenye unene ulio sawa ili zinywee pamoja. Kisha hukiweka chombo kivulini kikauke polepole, wala hakianiki juani. Atazamaye upesi huona kazi nzito isiyo na urembo. Sisi twaona hesabu iliyofanywa bila kalamu. Wazee husema, «Mchonga mwiko hukimbiza mkonowe»; na methali hii, ingawa yahusu hadhari ya maisha, ilizaliwa katika kazi ambayo jicho na mkono havikuachana.

Au tutazame mwana hiti, sanamu ndogo ya mti ijulikanayo kwa Waluguru, Wazaramo, Wakwere na jirani zao, ambayo mwali hupewa wakati wa kuwekwa ndani, akaitunza kama mtoto na kuipaka mafuta. Kiwiliwili chake ni mviringo, mara nyingi hakina mikono, na kichwani mna vishungi viwili. Katika makumbusho ya Ulaya huwekwa ndani ya kioo, na watazamaji huisifu kwa ufupi wa umbo lake, kana kwamba mchongaji alikusudia kuwapendeza wao. Hatukatai kwamba yapendeza. Lakini mviringo ule ni mviringo wa kijiti chenyewe, na mkono mwembamba uliochongwa kukingama na nyuzi za mti ungalivunjika upesi mikononi mwa msichana. Umbo lile lafuata mti, tena lafuata kazi ya kushikwa na kupakwa. Aisifuye sanamu asijue mti wala mwali amesifu nusu.

Sasa tuje kwenye mlango, ambapo seremala hujaribiwa. Mlango mwema una miimo na mbao za kukingama zilizoungwa kwa ulimi na tundu: ncha ya ubao mmoja huchongwa iwe ulimi, na ubao wa pili hutobolewa kwa patasi upate kuupokea. Ubao mpana wa katikati haupigwi misumari wala haupakwi gundi. Huingizwa katika mfereji mwembamba, ukaachiwa nafasi ya kuvimba na kunywea. Mlango mbaya hufanywa kwa mbao mbichi, zikabanwa kwa misumari pande zote. Siku ya kununuliwa, rangi ikiwa mbichi, milango hii miwili yafanana. Kiangazi kikija, ule wa pili hupasuka, kwa kuwa umekatazwa kwenda na hauwezi kutokwenda. Na masika ikija, hukwama. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi humlaumu mti, na mti hauna wa kuusemea.

Hapa lugha yenyewe ni shahidi. Kitanda cha Waswahili kina matendegu ambayo ni miguu, mifumbati ambayo ni mbao za ubavuni, na vitakizo ambavyo ni mbao za kichwani na miguuni. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 imeyahifadhi maneno haya. Lakini kamusi ni ghala, si shamba. Kijana ajuaye «mbao» na «msumari» tu, hawezi kuambiwa kwamba ulimi umelegea katika tendegu. Na asiloweza kuambiwa, hawezi kulirekebisha.

Atakuja mtu kutujibu kwamba njia hizi zachukua siku nyingi, na mnunuzi wa Mlali hana fedha za kulipia siku za fundi. Jibu hili ni la haki, na twalipa heshima yake. Wala hatusemi mashine itupwe: msumeno wa umeme waweza kuukata ulimi vizuri, na ubao uliopigwa randa kwa mashine hunywea vilevile kama uliopigwa kwa mkono. Tulisemalo ni kwamba kungoja kukauka na kuacha nafasi si mapambo ya kazi. Misitu ya juu ya Uluguru ilifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, na mpingo na mninga ni miti ikuayo polepole mno. Hata mitiki ya Mtibwa, iliyo katika wilaya hiyohiyo ya Mvomero, hungojwa miaka mingi kabla ya kuvunwa. Mti uliongojwa muda wa maisha ya mtu, ukafanywa mlango usiopita masika mawili, ni hasara ambayo bei ndogo haiilipi; na maskini ndiye ainunuaye mara mbili.

Basi mnunuzi aulize maswali mawili tu kabla ya kutoa fedha: ubao huu umekauka muda gani, na maungo yake yameshikwa na nini? Wanunuzi wakizoea kuuliza hivyo, mafundi watazoea kujibu, na wanafunzi wao watajifunza sababu pamoja na kazi.