Zuri: Kivumishi Kilichogeuka Jina la Mtoto

Miongoni mwa majina ya Kiswahili yaliyopendwa Marekani katika miaka ya karibuni, jina Zuri lina hali ya pekee. Huku kwetu, mashariki na kusini mwa Kongo, watoto huitwa Furaha, Mapendo, Neema, Bahati au Zawadi. Ni nadra kumkuta aitwaye Zuri. Ng'ambo ya bahari jina hili limezoeleka, na sinema imelitangaza. Katika Black Panther (2018) linabebwa na mzee wa ibada, aliyeigizwa na Forest Whitaker. Katika Hair Love (2019), filamu fupi ya Matthew A. Cherry iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2020, ni jina la msichana mdogo ambaye baba yake ajitahidi kumtengeneza nywele. Yafaa basi tujiulize: je, jina hili ni la Kiswahili kweli?

Hoja ya kwanza dhidi yake ni ya sarufi. Wafasiri wa majina husema kwamba Zuri maana yake ni “mzuri”. Lakini -zuri ni shina la kivumishi, nalo hufuata nomino yake: mtu mzuri, watu wazuri, nyumba nzuri. Furaha na Neema ni nomino zinazojitegemea, Zuri siyo. Sikio la Lubumbashi, lililozoea kusikia “muzuri” kila siku, huhisi mara moja kwamba kuna kitu kimekatwa.

Hata hivyo, hukumu hiyo ni ya haraka. Katika ngeli ya tano shina hili husimama bila kiambishi cha kusikika: ua zuri, tunda zuri, jina zuri. Kwa hiyo umbo Zuri limo katika lugha yetu, wala halikubuniwa na wageni. Kilichokosekana ni nomino tu, na kila msikilizaji aweza kuirudisha moyoni mwake. Filamu ya Cherry yaonyesha kwamba jina laweza kubeba maana hiyo: msichana anajifunza kuziona nywele zake kuwa nzuri, na jina lake limekwisha kulisema jambo hilo kabla yake. Katika Black Panther, ambamo watu wa Wakanda husema Kixhosa, jina ni pambo tu. Halina uhusiano wowote na lugha ya wahusika wala na tabia ya mzee yule.

Hoja ya pili ni ya matamshi. Mkazo huwa juu ya silabi ya kwanza, u hutamkwa kama katika “dudu”, na r hupigwa kwa ncha ya ulimi. Msemaji wa Kiingereza hukosea r, bali jina hubaki likitambulika. Hatari kubwa zaidi iko kwetu tuliosomeshwa kwa Kifaransa, kwani msomaji wa Kifaransa aliona “u” huitamka kwa ulimi ulio mbele, na sauti hiyo haimo katika Kiswahili. Wazazi wengine wangeshawishika kuandika Zouri. Tusikubali. Mto mmoja huandikwa Oubangui ng'ambo ile, na Ubangi ng'ambo yetu. Nasi twaandika Lubumbashi na Bukavu bila kumwomba Mfaransa ruhusa.

Swali hili lagusa pia ofisi ya uandikishaji. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, katika kifungu cha 58, yataka majina yachotwe katika urithi wa utamaduni wa nchi. Karani angeweza kudhani kwamba Zuri limetoka katika sinema, akalikataa. Angekosea: Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, na shina hili ni letu tangu zamani. Mzazi na aliandike kwa herufi nne, alitamke ipasavyo, na mtoto akiuliza maana, ajibiwe kwa kirai kizima: ua zuri.