Mganda Katika Kompyuta ya Nyumbani

Miongoni mwa ngoma zinazochezwa Mbinga na katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa, toka Lituhi hata Mbamba Bay, mganda ndio ulio mgumu zaidi kunaswa na mitambo. Tumeona yafaa tuujadili hapa, kwa kuwa vijana wengi wa huko siku hizi hurekodi na kuchanganya muziki nyumbani kwa kompyuta, na kazi ikitoka mbaya lawama huiangukia kompyuta. Husemwa kwamba ni kuukuu, haina nguvu, sharti iongezwe. Sisi tumezisikiliza baadhi ya kazi hizo, na kwa maoni yetu kompyuta imesingiziwa.

Kwanza tuutazame mganda wenyewe. Asili yake imo katika gwaride la askari wa kikoloni wa zama za Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Ziwa lenyewe liliionja vita hiyo mapema: ni huko Liuli, mahali Wajerumani walipopaita Sphinxhafen, ndiko meli ya Waingereza Guendolen ilikoishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann mwezi Agosti 1914. Watu wa mwambao, wa upande huu na wa Malawi ambako ngoma hiyo huitwa pia malipenga, walilichukua gwaride la watawala wakalifanya mchezo wao. Safu zikapangwa, vyeo vikagawanywa, nguo zikapigwa pasi, na mahali pa tarumbeta za shaba pakashikwa na vibuyu. Kibuyu hutobolewa na kubandikwa utando mwembamba. Mchezaji anapovumisha sauti yake ndani, utando hutetemeka na kuitia sauti hiyo mkwaruzo kama wa nyuki waliofungiwa mzingani. Mkwaruzo huo si dosari. Kibuyu kisichokwaruza hakina kazi uwanjani.

Ajabu ni kwamba katika rekodi tulizozisikia mkwaruzo huo umefutwa. Mchanganyaji ameutumia ule uwezo wa programu wa kuondoa kelele, akaufagia pamoja na mvumo wa umeme, na kilichobaki ni sauti za wanaume wanaoguna. Kisha mapigo ya ngoma kubwa yamesogezwa yakae sawasawa juu ya mistari ya programu. Yawezekana kufanya hivyo kwa muziki uliotungwa ndani ya kompyuta tangu mwanzo. Lakini katika mganda ngoma kubwa hufuata miguu ya safu, na safu hupumua. Ukiisawazisha ngoma, wachezaji husikika kama waliojikwaa.

Je, kompyuta mpya ingeyaponya hayo? La hasha. Tupige hesabu kidogo. Sauti ya kipaza sauti kimoja, ikichukuliwa kwa vipimo 48,000 kila sekunde, kila kipimo kikiwa na biti 24, hujaza megabaiti 8.64 kwa dakika. Vipaza sauti vinane kwa nusu saa havizidi sana gigabaiti 2. Mzigo huo hata diski ya zamani ya kuzunguka huubeba bila kutweta. Kinachowabana vijana wetu ni kile kisanduku cha kuingizia sauti, ambacho aghalabu kina matundu mawili tu. Kwa hiyo wanarekodi mchezaji mmoja mmoja chumbani, masikio yamezibwa kwa vifaa vya kusikilizia, halafu wanawaunganisha. Na hapo pana taabu nyingine: kompyuta ikiwekewa akiba ya vipimo 1,024, kwa vipimo 44,100 vya kila sekunde, sauti huchelewa sehemu 23 za elfu za sekunde upande mmoja tu wa safari yake. Ni kana kwamba mpigaji amesimama mita nane mbali na mikono yake mwenyewe.

Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo kanda zake leo zimo mikononi mwa TBC, ilikuwa na mitambo dhaifu kuliko kompyuta yoyote ya Mbinga ya leo. Lakini wapigaji walipiga pamoja na kanda ikawapokea pamoja. Hatusemi haya kwa kuililia enzi hiyo; kanda zilivuma, na sauti nyingi za chini zilipotea.

Hatukatai kwamba kompyuta yafaa iongezwe. Kumbukumbu ya gigabaiti 4 hulemewa upesi mchanganyaji anapopanga viungo vingi vya sauti, na diski isiyozunguka ina fadhila ya ukimya, kwa maana katika chumba kidogo kipaza sauti hunasa hata feni ya mashine. Lakini mwenye fedha za kitu kimoja tu, tungemshauri anunue kisanduku cha matundu manane, atoke nacho uwanjani.

Kazi moja tuliyoipenda ilirekodiwa hivyo, nje, kwa vipaza sauti viwili tu na kompyuta iliyochakaa. Vibuyu vinakwaruza, visigino vinagonga udongo, na nyuma ya ngoma kubwa mtoto anacheka mara mbili. Mchanganyaji amemwacha.